Namba ya Wifi

4 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na mama pia. Kaka yako anawasalimu. Amesema atawapigia wikendi, kwa hiyo wikendi msimsubiri.

Nakuandikia kwa sababu ulinikataza kupiga simu. "Ukipiga unalia, ukilia nasikia nusu," ndivyo ulivyosema siku unaondoka, na sijasahau. Leo natimiza siku ya kumi kwenye kiti chako. Umefanya kazi hapa miaka tisa ukaniachia maelekezo ya ukurasa mmoja, nao nimeukunja na kuukunjua mpaka umechanika katikati.

Bosi ameamua kwamba majaribio yote ya tovuti ya wateja wetu wa kliniki ya macho yawe yale yanayojiponya. Amefunga kioo kikubwa cha kompyuta pale mapokezi, kila jaribio lina kitone chake: likipita kijani, likishindwa chekundu. Vitone arobaini na vitatu. Anataka mgeni akiingia aone kijani kabla hajaona kiti cha kukalia.

Nimeandika amri kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta kama ulivyoelekeza, likanijibu kwamba halinielewi. Nimerudia, likarudia. Nina maswali mawili tu. Amri yenyewe inaandikwaje? Na kwenye faili la mipangilio kuna mahali pameandikwa "kiwango cha kufanana", panadai namba. Niweke ngapi?

Macho ya mama yanaendeleaje?

Wifi yako mdogo

*

6 Machi

Wifi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikidhani ni utani.

Amri ni hii: jaribu --jiponye. Vistari viwili. Siyo kimoja, siyo vitatu, na wala usiache nafasi katikati yake. Nakujua, uliweka kimoja. Dirisha jeusi halina huruma ya watu wa dawati la wateja, ambako ulikuwa ukikosea unasema "samahani mpenzi" na mambo yanaisha.

Maelekezo yangu ni ukurasa mmoja kwa sababu niliyaandikia mtu anayefahamu kazi. Sikujua kaka yangu amekwenda kumnong'oneza bosi. Mimi naacha kazi nije kumuuguza mama yake, yeye anaona nafasi imepatikana ya mkewe. Haya. Ngoja nikufundishe kama mtoto, maana kama mtoto ndivyo walivyokukalisha hapo.

Jaribio ni mtu asiyeonekana. Anafungua kivinjari, anajifanya mgonjwa, anajaza fomu, anabonyeza "Tuma", anasubiri aambiwe "Asante". Zamani akikikosa kitufe alikuwa anasimama na kupiga kelele, ndiyo hiyo nyekundu. Mimi zile kelele nilizipenda. Nilikuwa naenda kwa Fundi Haraka, yule mjenzi wetu wa kurasa, namwonyesha alichoharibu, ananuna, anatengeneza. Hili la kujiponya likikosa kitufe halipigi kelele. Linatafuta kingine kinachofanana nacho, linakibonyeza, linasonga mbele likiringa. Kwa hiyo kiwango cha kufanana ndiyo akili yake yote. Moja maana yake kitufe kiwe kile kile. Sifuri maana yake chochote kitafaa.

Unauliza uweke ngapi? Wewe weka sifuri. Kwako kila kitu kinafanana na kila kitu. Hata kaka yangu ulimchukua ukidhani ni mwanamume mwenye mipango.

Macho ya mama: la kushoto lilishakwenda, hilo unalijua, au labda hulijui, hukuwahi kuja kutazama. La kulia lina presha. Daktari wa hapa amesema apasuliwe kabla ya mwisho wa Mei, maana kwa ugonjwa huu kilichokwenda hakirudi. Lakini bado anaona. Amekuwa fundi cherehani miaka arobaini na kila asubuhi anakaa dirishani kutunga uzi kwenye sindano, kisha ananiinulia nione. Leo uzi wa kijani. "Umeona?" ananiambia. "Mimi bado sana." Ana jeuri kuliko vitone vya bosi wako.

Wifi yako mkubwa

*

14 Machi

Wifi,

Shikamoo. Ahsante kwa mafundisho. Vistari viwili, kweli.

Namba nimeshaipata, usijisumbue. Juzi Fundi Haraka amebadilisha sura ya tovuti nzima, vitufe vimehama, vingine vimebadilishwa rangi na majina. Leo asubuhi nimeendesha majaribio yote, arobaini na matatu kati ya arobaini na matatu yamepita. Bosi amesimama pale mapokezi akakitazama kioo, akasema kwa miaka tisa hajawahi kuona siku ya kijani kitupu. Nimeona nikwambie.

Mpe mama pole zangu.

Wifi yako mdogo

*

2 Aprili

Wifi,

Miaka tisa bosi hajaona kijani kitupu kwa sababu kwa miaka tisa palikuwa na mtu anayetazama. Lakini furahini.

Leo nimefungua hiyo tovuti yenu mpya, siyo kwa mapenzi. Daktari wa hapa amempa mama rufaa aje kwenye kliniki ya huko, na kliniki haimpokei mtu kwenye orodha ya upasuaji mpaka ombi lipitie fomu ya rufaa ya tovuti. Nilikaa na mama mezani, ananitajia tarehe yake ya kuzaliwa kwa kiburi kana kwamba aliichagua mwenyewe. Ukurasa mbaya kupita maelezo. Rangi kama pipi iliyolambwa. Maandishi madogo, kwenye kliniki ya macho! Nilimaliza upesi nisije nikatapika. Wakasema Asante, na kwamba majibu ni ndani ya siku kumi na nne.

Nimemwambia mama kwamba imepita. Amekwenda kuchagua gauni la kuvaa akilazwa. Sindano anatunga bado. Leo tena ameniinulia, kijani.

Mwambie kaka yangu wikendi zimepita nne.

Wifi yako mkubwa

*

18 Aprili

Wifi,

Shikamoo. Pole na kungoja, siku kumi na nne si nyingi.

Hapa kuna habari. Nimetajwa mbele ya ofisi nzima kuwa mfanyakazi bora, na picha yangu imebandikwa mapokezi kando ya kioo. Uliniambia sitamaliza mwezi. Kaka yako amefurahi sana, amesema nisikwambie, lakini nimeona si vizuri kufichana mambo kwenye ukoo.

Wifi yako mdogo

*

30 Aprili

Wifi,

Hongera ya picha. Waambie waiweke juu kidogo, watu wasiisugue kwa mabega.

Siku zimefika ishirini na nane. Hakuna jibu. Nimejaza fomu mara ya pili tarehe kumi na saba, mara ya tatu wiki iliyopita. Mara zote Asante. Nimepiga simu kliniki, nesi ameniambia kwa sauti ya mtu anayetafuna kwamba jina la mama halipo. Halipo kwa tahajia yoyote. Nikamwambia atafute kwa tarehe ya kuzaliwa, akasema haipo. Nikamuuliza kama anatafuta kweli au ananifariji, akakata.

Sasa nakuuliza wewe uliye kando ya kioo. Jaribio la fomu ya rufaa linasemaje? Usinijibu "kijani". Lifungue utazame linabonyeza nini. Mwezi mmoja ndio umebaki, na jicho ni moja.

Wifi yako mkubwa

*

2 Mei

Wifi,

Shikamoo.

Nimeliendesha mara tatu, mara tatu limepita. Samahani, najua ulinikataza kusema kijani, lakini rangi yake ndiyo hiyo. Nimemuuliza na Fundi Haraka, akasema fomu haina tatizo, tatizo ni watu. Labda kliniki wamezembea. Au labda, na usinikasirikie, hukubonyeza vizuri. Wewe ulibonyeza kitufe gani?

Mtu akiwa na wasiwasi anaweza kukosea. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka kistari kimoja.

Wifi yako mdogo

*

9 Mei

Wifi,

Usiniulize mimi kitufe.

Juzi alfajiri nilimpandisha mama basi, saa nane za safari, mpaka kliniki yenyewe. Hatukufika kwako. Sikutaka unipikie ukiwa na ile sura ya mfanyakazi bora.

Nesi yule anayetafuna yupo kweli, na kweli anatafuna. Nilisimama mezani kwake mpaka akanigeuzia kompyuta. Fomu ya rufaa haijaleta ombi hata moja tangu tarehe kumi na mbili Machi. Siyo la mama tu, la mtu yeyote. Nikamuuliza, miezi miwili hakuna mgonjwa wa rufaa, ninyi hamkushangaa? Akasema, "Tulidhani watu wamepona." Nilitaka kumtafuna yeye.

Tarehe kumi na mbili Machi Fundi wenu alibadilisha sura. Tarehe kumi na nne wewe ukaniandikia kwa furaha.

Sasa sikiliza jambo la pili. Daktari wa hapo alimweka mama kwenye mashine, akaniita pembeni akauliza kwa nini nimechelewa hivi. Nikamwambia haiwezekani, kila asubuhi mama anatunga sindano, naiona kwa macho yangu. Tuliporudi nikafungua kikopo chake cha sindano. Kuna sindano moja tu yenye uzi, na uzi ni wa kijani, umechakaa mpaka umekuwa manyoya. Kibunda cha uzi wa kijani kiliisha zamani, hata sikumbuki lini. Aliitunga mara moja, Februari labda, na tangu hapo ananiinulia hiyo hiyo. Nilipomuuliza alisema, "Ulikuwa unafurahi. Ningekunyima ya nini?"

Dirisha jeusi lina ripoti ya kila kitu kilichoponywa, ipo kwenye faili lake, nilikuandikia mahali pake kwenye ukurasa uliouchana. Ifungue. Nitumie mstari wa jaribio la rufaa kama ulivyo, usiupambe. Na unitumie lile faili la mipangilio. Nataka kuona ni mjinga gani aliyeweka namba.

*

11 Mei

Wifi,

Mstari wenyewe huu hapa:

"Kitufe Tuma hakikuonekana. Kimechukuliwa Maliza. Kufanana: 0.11. Jaribio limepita."

Umeandikwa hivyo kila siku tangu tarehe kumi na tatu Machi. Fundi Haraka alipohamisha vitufe aliisahau "Tuma" kwenye fomu ya rufaa. Kimebaki "Maliza" peke yake. Ukikibonyeza kinafunga ukurasa na kusema Asante, lakini hakitumi kitu popote.

Na faili la mipangilio, pale ulipotaka kumwona mjinga, lina mstari huu:

"kufanana = 0   # kwa agizo la wifi"

Usiseme sikuelewa. Nilielewa kwamba unanikejeli, mimi siyo mjinga, ingawa kwa miaka sita ya ndoa hujanisemesha kama mtu mwenye akili hata siku moja. Kwanza niliweka 0.8 kwa akili zangu. Kulipokucha baada ya sura mpya, vitone thelathini na kimoja vikawa vyekundu. Bosi alisimama nyuma ya kiti changu, yaani kiti chako, akasema yule wa kwanza alikuwa na ukali lakini alijua kazi. Nilitamani nikupigie. Nikakumbuka kwamba nikipiga nalia. Nikafungua barua yako nikaikuta namba imeandikwa kwa mkono wako, nikasema sawa, si amesema? Nikaiweka, na nikaandika ni ya nani, ili ikiharibika iharibike kwa jina lako. Nyekundu thelathini zilikuwa ni vitufe vilivyohama tu. Moja ndiyo ilikuwa ya kweli. Nilizifuta zote pamoja, wifi.

Na kuna jambo ambalo ungecheka kama lingekuwa la mtu mwingine. Mwezi wa tatu huohuo Fundi Haraka alilifungua faili, akauona ule mstari. "Kwa agizo la wifi." Akaelewa kwamba intaneti ya ofisi ni dhaifu, ndiyo maana nimeteremsha namba. Hakuigusa. Akapeleka malalamiko kwa bosi, bosi akaleta mafundi wakafunga mtambo mpya kabisa. Sasa tuna mtandao unaokwenda kama risasi, na sote tulikuwa tukipita mbele ya kile kioo tukiwa tumeridhika.

Jana nimerudisha namba mpaka 0.9. Vyekundu ni thelathini na vinne. Bosi ameniambia nivishushe, kuna wageni Jumatatu. Nimemwambia avishushe yeye, amri ina vistari viwili. Picha yangu wameshaibandua, au imeanguka, sijauliza. Kitufe cha Tuma kimerudi saa nne asubuhi. Nimekijaribu kwa kidole changu mwenyewe, nikapiga simu kliniki, nikamfanya yule nesi anisomee jina nililojaza.

Nilijaza la mama. Yuko kwenye orodha ya wa haraka, tarehe ishirini na nne. Kaka yako hajui kwamba nimeomba ruhusa siku hiyo. Nitakuwa pale mlangoni, ukitaka nisiwepo niandikie.

Wifi yako mdogo

*

3 Juni

Wifi,

Sikukuandikia usiwepo, na sikukuandikia uwepo. Ulikuja mwenyewe ukakaa saa tano nzima kwenye benchi na ule mkoba wako mbaya, na sikukusemesha. Nilikuona ukilia, na kwa mara ya kwanza nilisikia yote.

Bandeji imetolewa jana. Daktari amesema ameokoa kilichokuwepo, na kilichokuwepo hakikuwa kikubwa. Mama anaona kama mtu anayechungulia mlango ulioachwa wazi kidogo. Uso anauona akiushika karibu. Sindano haioni, wala tundu lake. Daktari anasema angekuja Aprili, angekuwa bado anashona, mradi atungiwe uzi. Nilimwomba aniambie tena kwa lugha nyepesi, akadhani sikuelewa. Nilielewa, nilitaka tu kuisikia mara mbili.

Uliniuliza nilibonyeza kitufe gani. Nilibonyeza Maliza, mara zote tatu. Miaka tisa kazi yangu ilikuwa kutafuta kitufe ambacho hakipo. Nikakaa mbele ya ukurasa wenu nikicheka rangi zake, Tuma haipo, na sikuona kwamba haipo. Nilichukua kilichokuwepo, nikaona Asante, nikamwambia mama imepita. Hata lile jaribio lenu lilikuwa na adabu ya kuandika kwenye ripoti kwamba limekisia. Mimi sikuandika popote, na ulipouliza nikakutukana.

Kwenye faili lile futa maneno yale baada ya alama ya reli, ile #. Kama unataka kuandika kitu, andika tarehe.

Jana jioni mama aliniambia nimsomee barua zetu. Nilitaka kuruka baadhi ya mahali, akanishika mkono, akasema anaona kidogo lakini anasikia vizuri. Nikasoma zote, na ile ya sifuri. Kisha akauliza kosa lilikuwa la nani, nikamwambia la wifi.

Akauliza, "Wifi yako, au wifi yake?"

Nikamjibu, "Yake, mama."